Kuyumba kwa Mzee wa Mfereji

Jumapili, 2 Machi 2003

Mwalimu wetu wa Kiswahili amesema anayetaka kujua kuandika aandike kila siku, hata siku isiyo na jambo. Leo haina jambo. Jua kali. Mlima umevua mawingu tangu asubuhi na theluji iliyobaki juu ni kama shati lililochanika. Tumekwenda kanisani, Baba akasoma matangazo kwa kuwa ni mzee wa kanisa, tukarudi, tukala kiburu, ndizi na maharage ya kupondwa. Dada Hilda ameongea habari za kitambaa cha arusi tangu ibada ilipokwisha. Ataolewa mwezi wa sita na Shedrack wa Tarakea, muuza mahindi mwenye pikapu. Sijui mtu anawezaje kuongea juu ya kitambaa kimoja mchana kutwa. Mimi nipo kidato cha tatu na sina la kumwambia.

Jumanne, 4 Machi

Maji yamepungua sana. Baba ametoka kabla hakujakucha kwenda kugawa zamu. Yeye ndiye mzee wa mfereji, kama baba yake alivyokuwa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo amekuja mgeni kwenye kipindi cha Biolojia, Dk. Stella, aliyesoma hapa hapa Old Moshi kisha akaenda Sweden. Mwalimu hutufundisha Biolojia kwa Kiingereza, nusu tunaelewa na nusu tunakariri. Huyu alifuta ubao akaanza kwa Kiswahili. Alisema kila seli ya mwili ina maandishi yale yale ya urithi, seli ya jicho na seli ya kidole cha mguu. Kinachozitofautisha ni protini zipi zimetengenezwa, kwa wingi gani, na zipi zimevunjwa. Protini haikai milele. Ikichoka au ikijikunja vibaya, seli huibandika alama, halafu huipeleka kuvunjwa, na vipande vyake hutumika tena. Kazi yake yeye inaitwa proteomiki: kuzitazama protini zote za seli kwa pamoja, maelfu, na kuuliza nani anaamua ipi ijengwe leo na ipi ibomolewe.

Wavulana wa nyuma waliuliza kama Sweden kuna baridi. Mimi nilikuwa na maswali kama saba. Sikuuliza hata moja.

Jumamosi, 8 Machi

Msaragambo wa kusafisha mfereji kabla ya masika. Kila nyumba imetoa mtu na jembe. Baba alikuwa akitembea ukingoni akionyesha pa kuchimba. Penye rundo la mawe, mahali ambapo amepita maisha yake yote, alipepesuka, akanyoosha mikono kama mtu anayetafuta ukuta gizani, akaanguka ndani ya mfereji.

Watu walicheka. Jirani yetu Basili, aliyekata mibuni yake yote mwaka juzi akapanda nyanya, ndiye mwenye mdomo kuliko wote, akamwita Baba kwa mbe ya heshima ya wanaume.

"Mbe Aminieli! Divai ya meza ya Bwana umeimaliza peke yako?"

"Nimekuachia kidogo," Baba akasema, naye akacheka huku maji yanamchuruzika.

Baba hanywi. Hajawahi. Hata mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye arusi huipokea, huigusisha mdomoni kwa heshima, humpa wa pembeni. Kila mtu anajua, ndiyo maana walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu wiki hii nimemwona mara mbili akishindwa kufunga kifungo cha shati.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Dk. Stella amekuja kwa Shangazi Aikaeli, dada yake Baba, ambaye nyumba yake ipo ng'ambo ya migomba yetu. Shangazi aliacha kutembea nikiwa darasa la nne. Ilianza miguu kuyumba, ikaja mikono, sasa ni ulimi na koo. Hajafika miaka hamsini. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni laana ya babu, ambaye naye aliyumba kwa miaka mingi hadi siku aliyokutwa ndani ya mfereji amekufa, na wote wakasema pombe.

Maneno ya Shangazi siku hizi hutoka yamelowa, lakini mimi na Hilda tunayaelewa, kwa hiyo nilikaa karibu kuyarudia kwa mgeni.

"Dokta, una dawa?"

"Sina, Mama."

"Afadhali. Wote waliokuja kabla yako walikuwa nayo."

Dk. Stella alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza. Anashuku kwamba katika ukoo wetu kuna protini moja inayojikunja vibaya, na seli za ubongo zinashindwa kuivunja. Inarundikana. Mwishowe seli inakufa, na ni zile seli zinazomsaidia mtu kusimama wima na kushika kikombe. Anataka damu, si kwa ajili ya kutibu, bali aone chembe nyeupe zinafanyaje kazi ya kujenga na kubomoa.

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Ni kama mfereji."

Wote wakanitazama. Ilibidi niendelee. Nikasema maji ya mto ni yale yale, lakini shamba gani lipate leo na shamba gani lifungiwe ni kazi ya mzee wa mfereji. Na asiposafisha, taka zikijaa mdomoni, huku juu panafurika na kule chini panakauka, wakati maji yapo.

"Endelea," akasema Dk. Stella.

"Nimemaliza."

"Basi nitaiba hiyo."

Shangazi akatoa mkono wake. Damu ikaingia kwenye mtungi unaotoa moshi wa baridi. Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote, ameshika fremu kwa mikono miwili. Dk. Stella akamwuliza kwa upole kama naye angependa.

"Mimi sina kitu," Baba akasema, akaondoka akijishikiza ukutani.

Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani. Huko nilipata ujasiri wa kuuliza kuhusu watoto wa mgonjwa. Alisimama. Akasema, kwa aina anayoishuku, kwa kila mtoto ni kama kurusha shilingi. Akasema tena kwamba katika ukoo mmoja wengine huanza kuyumba wakiwa na miaka thelathini na kitu, wengine huvuka sitini wazima, na hilo ndilo linalomnyima usingizi: seli za hao wa sitini zinafanya nini ambacho za wenzao hazifanyi? Mtu akilijua hilo, huenda siku moja akapatikana wa kutengeneza dawa. Lakini damu ya Shangazi peke yake haitoshi. Anahitaji mwingine wa ukoo huo huo ambaye ndiyo kwanza anaanza, huku ugonjwa haujaharibu vitu vingi.

Hakuniuliza kama namjua.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza mchana, kubwa, ya mawe. Hatukusikia somo lolote kwa kelele za bati.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Mto ulijaa jana. Mvua ikiwa namna hiyo, mzee wa mfereji ndiye anayepanda kwenye banio kufunga maji yasiingie. Baba alipanda. Hakuwahi. Alianguka njiani, akajaribu kutambaa, na alipofika maji yalikuwa yamekwisha kupasua ukingo na kuzoa shamba la nyanya la Basili lote, miche, mboji, miti ya kuegemezea, vyote viko bondeni.

Leo kimekaa kikao cha mfereji kwenye uwanja wa ghala la kahawa. Nilisimama na wanawake nyuma. Basili hakuwa na mzaha leo. Alikuwa na matope hadi kiunoni na macho mekundu.

"Nilimkuta anatambaa," akasema. "Anatambaa, jamani! Nikamwambia mbe simama, akasimama akaanguka tena. Mtu mzima, mzee wa kanisa. Mimi nimeuza ng'ombe kununua zile mbegu. Aseme mwenyewe alikuwa amekunywa nini."

Wazee wakamtazama Baba. Nilijua atasema. Ilikuwa rahisi kabisa: naumwa, ugonjwa wa dada yangu umeniingia. Hakuna mtu angemtoza mgonjwa chochote.

Baba akasema, "Nimekosa."

Kimila, anayelewa kwenye kazi ya mfereji huleta mbuzi na mbege, na jani la isale la kuombea msamaha. Mtu akija na isale huwezi kumkatalia, lakini na yeye hawezi tena kukana kosa. Baba amekata isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba la ukoo, akalifunga shingoni mwa beberu letu, akatembea nalo mbele za watu akiyumba. Wakapokea. Wamemsamehe, na uzee wa mfereji amepewa Basili.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mimi ndiye yule ambaye mwalimu akinitaja jina nalisahau mwenyewe.

Jumapili, 6 Aprili

Sijaongea na Baba.

Jumapili, 13 Aprili

Mchungaji hakumtaja kwa jina. Alisema tu kwamba mmoja wa wazee amepumzishwa kwa ajili ya mwenendo, na matangazo akasoma mtu mwingine. Mama aliimba nyimbo zote hadi ubeti wa mwisho, amekaza shingo. Nyumbani alitandaza mikono mezani akalia bila sauti. Hilda alikuwa chumbani anajaribu viatu. Nimemchukia Hilda leo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua kutwa. Nyama haikuiva vizuri, kuni zimelowa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote, ingawa mkono unauma.

Ndugu wa Shedrack wamekuja kutoka Tarakea, baba yake mdogo na shangazi yake, Mama Veronika, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuuzia sokoni. Walileta mbege yao kwenye pipa, kama inavyotakiwa, na nyama. Tulidhani wamekuja kupanga siku. Mama alipika mtori na ndizi. Nilikuwa natembeza maji ya kunawa.

Baada ya kula, Mama Veronika alijifuta midomo akasema:

"Baba Hilda, sisi watu wa Rombo hatujui kuzunguka mbuyu ambao hatunao. Kabla ya kuchukua binti wa watu, tunauliza ukoo. Nyinyi pia mlikuja kuuliza wetu, na mliambiwa habari za yule mjomba mwizi, hatukuficha."

"Hamkuficha," Baba akakubali.

"Sasa tumesikia mambo. Tumesikia una dada amelala kitandani miaka na miaka, hajulikani anaumwa nini. Na tumesikia wewe mwenyewe unayumba. Kwa hiyo tunauliza. Kuyumba kwako ni pombe, au ni ule ugonjwa wa dada yako?"

Mama alikuwa ameinama kukusanya sahani. Alibaki ameinama hivyo hivyo. Hilda alikuwa mlango wa jikoni.

"Maana ikiwa ni ugonjwa," baba mdogo akaongeza taratibu, kama anayeona haya, "mahari mtaturudishia tu bila ugomvi. Hatuwezi kupeleka kitu hicho kwa wajukuu."

Baba akamtazama Hilda. Halafu akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Dada yangu alianguka kutoka juu ya mti wa parachichi, mgongo ukaharibika," akasema. "Mimi ni pombe. Mngefika mapema mngeshuhudia. Hata kanisa limenifukuza, waulizeni. Wamenitoza na mbuzi. Ndelilio, nipe kata."

Nilikuwa nimeshika birika. Sikuelewa.

"Nipe kata, mwanangu. Wageni wameleta mbege tunaitazama tu?"

Nikampa. Alichota kwenye pipa mwenyewe. Kata ilitikisika ikamwaga nusu kifuani, na iliyobaki akainywa yote bila kupumua, mtu wa miaka arobaini na sita, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akachota tena. Niliona koo lake likikataa na yeye akililazimisha.

Mama Veronika alimtazama hadi mwisho. Kisha mwili wake wote ukalegea, akapiga makofi, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Mlevi! Mungu asifiwe! Mbona kwetu tunao wanne! Ulevi hauingii kwenye damu, baba, ulevi ni kwenye mfuko. Jamani mimi usingizi ulinikimbia!"

Wakapanga siku. Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita.

Walipoondoka Baba alikwenda nyuma ya zizi akatapika. Nilimpelekea maji. Alinishika bega ili asimame, akasema, "Umeshaelewa, basi nyamaza." Sasa ndiyo nimemwelewa, hata alivyokiri kwenye kile kikao kwa ajili ya Hilda. Wiki tatu nimekuwa nikimchukia mtu huyu.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Baba yuko kwa Basili, ambaye mkewe hupika mbege.

Jumamosi, 3 Mei

Baba yuko kwa Basili.

Jumatano, 7 Mei

Kwa Basili. Ajabu ni kwamba Basili ndiye anayemrudisha jioni, amemshika kiuno, anamwimbia nyimbo za jeshi. Leo amemvua viatu mlangoni, akampangusa matope, akamwambia Mama, "Shemeji, usimgombeze. Mtu akianza kunywa uzeeni ana jambo linamla." Nyanya zake hazijarudi na hazitarudi. Nilidhani huyu ndiye adui yetu.

Jumatano, 14 Mei

Tulikuwa tunamwogesha Shangazi, mimi na Hilda. Shangazi amekonda, mtori sasa tunauchuja kwa kitambaa na bado unampalia. Tulipomaliza nilimvuta Hilda nje chini ya majani ya migomba nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nikamwambia habari za protini isiyovunjika, na shilingi inayorushwa.

Alikunja taulo mpaka nilipomaliza.

"Unadhani ni wewe peke yako mwenye macho?" akasema. "Nimemwogesha Shangazi tangu ukiwa na kamasi. Kila nikiteleza jikoni nasimama kwa mguu mmoja nihesabu, nione kama nitayumba."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua."

"Na Shedrack?"

"Shedrack anajua bei ya mahindi."

"Utamwambia?"

"Wewe ungemwambia?"

Nilifikiri kwa kweli, sikutaka kumjibu ovyo. Nikasema sijui. Akasema, "Basi tuko wawili," akaingia ndani. Vile vitambaa anavyoongea kutwa, nadhani ni ili asiongee kitu kingine.

Jumatatu, 19 Mei

Shangazi Aikaeli amefariki asubuhi. Ni uji, ulimpalia. Mama alikuwa akimnywesha kwa kijiko kama siku zote.

Alhamisi, 22 Mei

Tumemzika kihambani kwake, kati ya migomba, mvua inanyesha. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Shedrack alikuja na pikapu imejaa ndugu zake, Mama Veronika mbele, wamebeba mchele na mashada. Ni uungwana, arusi ikiwa karibu huwezi kukosa kwenye msiba wa upande wa pili.

Baba alikuwa amekunywa asubuhi. Alikunywa kwa sababu wao wangekuwepo. Ilipofika zamu ya ndugu kutupa udongo, aliitwa wa kwanza. Alikwenda akiwa ameshika fimbo. Ukingo ulikuwa tope tupu. Aliinama kuchota udongo, mguu ukaenda, na Baba akaingia kaburini, juu ya jeneza la dada yake, kwa kishindo ambacho bado nakisikia.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa vibaya kuliko kucheka. Sauti ya mwanamke nyuma yangu ikasema, "Hata leo? Hata kwa dada yake wa tumbo moja?" Nyingine ikasema, "Mwacheni alale naye." Basili aliruka ndani na kijana mmoja, wakawa wanamwinua, naye analegea, mavazi yamejaa udongo mwekundu. Mchungaji alifunga kitabu.

Hapo Hilda akasema. Alikuwa amesimama karibu na msalaba, na hakupaza sauti, ila kila mtu alimsikia.

"Baba yangu hajalewa."

Shedrack akamgeukia.

"Baba yangu hajawahi kuwa mlevi. Anaumwa. Anaumwa alichoumwa Shangazi, na babu, na mnajua wote, mnajua mnakaa kimya. Msimseme mbele ya..."

"Nimelewa!"

Ni Baba. Alikuwa bado ndani ya shimo, kichwa na mabega tu vinaonekana, Basili amemshika makwapa. Alikuwa analia na mvua inamnyeshea usoni.

"Nimelewa, jamani. Nisameheni. Binti yangu ananitetea, mtoto mwema huyu, ana aibu na baba yake. Basili! Waambie nimekunywa ngapi kwako leo."

Basili alimtazama Baba. Walitazamana karibu kabisa, pua kwa pua, huko chini. Na mimi nikaona Basili akielewa.

"Kata tano," Basili akasema. "Nami nilimwambia zinatosha."

Mama Veronika alishusha pumzi. Alikwenda akamkumbatia Hilda, akamfunika na kanga yake, akawa anampigapiga mgongoni. "Nyamaza, mwanangu, nyamaza. Hata mimi baba yangu nilimtetea hivyo hivyo." Hilda alikuwa ametoa macho juu ya bega la yule mama, ananitazama mimi. Ningeweza kusema. Neno moja tu la pili lingetosha, maana mtu mmoja anaweza kuwa anatetea lakini wawili ni ushahidi. Nilimtazama Baba kule shimoni.

Tukatupa udongo.

Ijumaa, 23 Mei

Hilda hajatoka chumbani.

Jumapili, 25 Mei

Ametoka. Amesema, "Mtu ameuza jina lake lote kuninunulia kitu. Nikikikataa, atakuwa amekiuza bure." Kisha akaniomba nimshikie kitambaa akate.

Jumamosi, 14 Juni

Arusi. Jua lilitoka. Hilda alipendeza mno. Baba alikaa meza ya mbele, na mpiga picha aliambiwa asimpige miguu. Mama Veronika alicheza na Basili.

Jumatatu, 16 Juni

Nyumba ni kubwa.

Jumamosi, 28 Juni

Baba ameniambia nimwite Dk. Stella. Nilikwenda hadi mjini kumtafuta, na leo amepanda na mtungi wake. Baba alikuwa amevaa shati jeupe na amekaa kwenye kiti chenye mikono, asiyumbe.

"Arusi imepita," akasema. "Sasa chukua. Huyu mdogo amenieleza unachotafuta. Nami naanza ugonjwa, si ndivyo ulivyotaka? Nina watoto wawili. Ukipata kitu, kitawafaa hao."

Dk. Stella alimshukuru. Alimpima mikono, macho, akamwambia atembee. Halafu akauliza kama anakunywa pombe, kwa namna ya kawaida tu, huku anafungua sindano.

Nikajibu mimi. Nikasema tangu lini na kiasi gani.

Dk. Stella aliiweka sindano mezani. Alikaa. Nilijua kutokana na alivyokaa kwamba mambo yameharibika.

Alieleza polepole. Maandishi ya urithi hayaguswi na pombe, na hayo angeweza kuyasoma hata leo, lakini hayo yangemwambia tu jina la ugonjwa. Anachotafuta yeye ni protini, na protini hufuata maisha ya mtu. Mtu akinywa kila siku, seli zake hubadilisha kazi: zinajenga nyingine kwa wingi, zinaacha nyingine, na ile mashine ya kubomoa ndiyo inayovurugika zaidi. Akitazama damu ya Baba sasa hataweza kutenganisha kilicho cha ugonjwa na kilicho cha mbege.

"Kwa hiyo imeingia kwenye damu," Baba akasema.

"Imeingia, Mzee. Lakini inaweza kutoka. Acha kabisa miezi mitatu. Nitarudi mwezi wa kumi kabla sijasafiri. Wakati huo damu yako itasema ukweli."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi kama mjinga. Miezi mitatu ni nini? Nikamtazama Baba nikitegemea naye amefurahi.

Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Binti," akamwambia Dk. Stella, "mlevi akiacha pombe, miguu yake inakuwaje?"

"Inatulia."

"Na yangu?"

Dk. Stella akaitazama miguu ya Baba.

"Mimi nikiacha, kijiji kizima kitajua nimeacha. Hapa mtu hawezi kuacha pombe kwa siri. Watanipongeza, kanisa litanirudisha. Na nitaendelea kuyumba. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, nimeacha na nayumba. Tarakea watasikia kabla wewe hujarudi." Akashusha mikono ya shati, akahangaika na kifungo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Hilda ana wiki mbili kwa mume wake."

Dk. Stella alisema mambo mengine. Alisema Hilda naye ana mwili, na mwili huo unaweza kuja kuhitaji jibu. Alisema kwa heshima, karibu kwa kuomba. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia asante kwa kupanda mlima, na kwamba njia inateleza pale kwenye mawe, apite juu.

Mtungi umeshuka mtupu.

Jumapili, 29 Juni

Kibaridi cha kipupwe. Ukungu haukuondoka hadi mchana.

Jioni Baba hakuweza kusimama kwenda kwa Basili. Alijaribu mara mbili. Akaniita, akanipa kidumu, na hakunitazama. "Ukijisikia vibaya, acha," akasema.

Nilikwenda. Watu walikuwa wanatoka kwenye ibada ya jioni, njia imejaa. Niliamkia kila mkubwa, shikamoo, shikamoo. Mama mmoja wa kwaya akaniuliza ninakwenda wapi na kidumu, nikajibu chinichini, naye akasema, kwa kuwa hajawahi kusikia sauti yangu, "Hebu sema, mbona unanong'ona?"

Nikasimama katikati ya njia, nikasema kwa nguvu hadi walio mbele wakageuka:

"Baba amenituma pombe. Ameshalewa na bado anataka."